Kinyonga Akitokwa na Puru: Nilichojifunza TP Bagamoyo

Kama umekulia kwenye nyumba ya kuku wa mayai, hili umeshaliona. Kuku anajikamua, yai linatoka, halafu nyuma yake kinabaki kinyama chekundu kinaning'inia. Wenzake wakikiona wanaanza kukidonoa, na usipomtenga mapema, jioni unamkuta amekufa. Wafugaji wa ng'ombe wanasema kizazi kimetoka. Mtoto mdogo aliyeharisha siku nyingi akipatwa na kitu kama hicho, bibi zetu wa pwani wanasema ametokwa na puru. Mimi nilikutana nacho kwa kinyonga, Bagamoyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimeshachomekea shati na andalio la somo liko mkononi. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni kufanya swali ambalo hata mada yake hajaisoma.

Nitaeleza kilichotokea, nilichofanya, na nilichokosea, maana nilikosea pakubwa siku nyingi kabla ya asubuhi ile. Tangu turudi chuo nimeshaona vinyonga wawili wanaofugwa hosteli, mmoja kwenye boksi la viatu na mwingine kwenye ndoo ya lita kumi, na wenye nao wananiuliza mambo yale yale ambayo mimi nilikuwa siyajui.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, katika shule moja ya sekondari mjini Bagamoyo. Masomo yangu ni Biolojia na Kemia. Nilipanga chumba Nianjema kwa mama mmoja mtu mzima ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Siku moja natoka shule, kwenye njia ya mchanga kando ya ua wa michongoma, nikakuta watoto wamezunguka kitu wanakirushia mawe. Katikati yupo kinyonga. Mkubwa, kijani chenye madoa meusi, amejifurisha, kinywa wazi, na vile vipande vya ngozi vya nyuma ya kichwa vimesimama kama masikio.

"Mwalimu, usimshike! Ana sumu huyo!"

Kinyonga hana sumu. Akikubana kidole kwa taya zake utasikia, lakini basi. Kufura, kufoka na kufumbua kinywa ndiyo silaha yake yote, kwa sababu mbio hana. Huyu alikuwa kinyonga wa kawaida wa pwani yetu, Chamaeleo dilepis, ambaye utamkuta kwenye michongoma ya Bagamoyo, kwenye mikorosho ya Kiromo na Zinga, hadi bustani za watu kule Mbweni na Tegeta. (Tukiwa hapo hapo, neno letu hili limekwenda mbali. Mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakipanga upya jamaa za vinyonga waliunda jenasi mpya, na wengi wa spishi zake wanaishi katika milima ya Tanzania. Wakaiita Kinyongia. Kiswahili kimo kwenye majina ya kisayansi, na sisi bado tunawapiga mawe wenye jina.)

Nikamtoa pale, nikamweka juu ya daftari, nikaenda naye nyumbani nikijiona mwokozi. Swali la msingi sikujiuliza: mnyama anayeishi mitini alikuwa anatafuta nini chini, kwenye mchanga, saa tisa mchana?

Bi Mkubwa alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Kinyonga. Watoto walitaka kumuua."

"Na wewe sasa unataka kuniua mimi." Akarudi nyuma hatua mbili. "Akae huko huko chumbani kwako, na mlango uwe unafungwa."

Nikatafuta tenga la kuku, nikalijaza matawi ya mpera, nikalifunika kwa chandarua changu cha zamani, nikaliweka dirishani nyuma ya kioo ili apate jua. Maji nikayaweka kwenye kifuniko cha ndoo. Kidato cha Pili B wakawa wananiletea panzi kwenye chupa za maji, na wao ndio waliompa jina: Bi Taratibu. Kwa macho yangu kila kitu kilikuwa sawa. Nikihesabu sasa, katika sentensi hizo tatu nne kuna makosa yasiyopungua manne.

Kinyonga hanywi maji yaliyotulia kwenye bakuli. Porini anakunywa matone ya umande na ya mvua yanayoning'inia kwenye majani. Asipoona maji yanameta na kutembea, kwake hayo si maji. Bi Taratibu alikaa siku tisa pembeni ya kifuniko kilichojaa maji akiwa na kiu. Jua la nyuma ya kioo nalo linapasha joto tu. Mionzi ya UVB, inayomsaidia mnyama kutengeneza vitamini D, na kwa hiyo kuitumia kalsiamu anayokula, inazuiwa na kioo cha kawaida. Chandarua kilikuwa cha dawa, tena dawa ya kuua wadudu. Panzi wangu walikuwa wanafia kwenye kona za tenga kabla hajawafikia, na mimi nikadhani wamechoka na safari. Kosa la nne, na ndilo kubwa, lilikuwa sakafu ya tenga, ambayo ilikuwa gazeti.

Katika siku zile tisa niliogopa mambo ambayo hayakuwa na tatizo, na yale yenye tatizo nikayaona kama vituko. Siku ya pili jicho lake moja lilivimba kama puto dogo, likawa linazunguka ovyo. Nikasema amepofuka. Kumbe vinyonga husafisha macho hivyo: analivimbisha, analizungusha, anatoa vumbi, na baada ya muda mfupi jicho linarudi lilivyokuwa. La kuogopa ni jicho linalobaki limevimba siku nzima au zaidi. Siku ya nne akaanza kubanduka ngozi vipande vyeupe kama karatasi iliyolowa. Alikuwa anajivua tu. Asubuhi alikuwa anaamka mweusi tii nami nafikiri anakufa, kumbe rangi nyeusi inanyonya joto haraka zaidi, na kwa mnyama anayetegemea joto la nje hiyo ndiyo chai yake ya asubuhi. Ikiwa mweusi mchana kutwa, hapo ndipo kuna neno.

Haya sasa niliyoyapuuza. Kinyesi cha kinyonga kina sehemu mbili, ya kahawia na ya nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Ikigeuka rangi ya chungwa, maji mwilini yamepungua. Ya Bi Taratibu iligeuka siku ya tano, nami nikadhani ni rangi ya panzi. Kuanzia siku ya sita alikuwa anafumba macho mchana. Kinyonga mzima hafumbi macho kukiwa na mwanga. Chakula kilipungua. Na usiku na mchana alikuwa anashuka chini, anazunguka sakafu ya tenga, anakwangua gazeti kwenye kona kwa mikono yake ya mbele. Krr, krr, krr. Nikamrekodi video, nikawatumia washikaji na maneno "anacheza".

Basi asubuhi ya siku ya tisa nikafunua chandarua, nikaona chini ya mkia wake kinyama cha rangi ya waridi, kimelowa, kikubwa kama punje ya karanga. Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye kidato cha tano na sita, ambaye yuko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, anasomea udaktari wa mifugo.

"Oya, kinyonga wangu katokwa na utumbo."

"Umejuaje kama ni utumbo?"

Nikanyamaza.

"Usikiite jina kabla hujakiangalia," akasema. "Niambie. Kina tundu katikati kama mrija, au ni nyama tupu? Kimetokea katikati au upande? Rangi?"

Nilitaka sana kila mwenye mnyama asikie maswali yale, maana nusu ya matibabu yamo humo. Reptilia wana tundu moja la nyuma, kloaka, linalopitisha kinyesi, mkojo na mayai. Kwa hiyo kinachochungulia kinaweza kuwa kitu chochote kati ya kadhaa. Kikiwa na tundu mwishoni na nyama laini, yaelekea ni mwisho wa utumbo, yaani puru. Kikiwa na mikunjo mikunjo kwa urefu, shuku mrija wa mayai. Kwa dume, ambaye utamtambua kwa shina la mkia lililotuna, kinachotokea upande mmoja bila tundu lolote ni kiungo chake cha uzazi, na madume wanavyo viwili. Dume mzima anaweza kukichomoza wakati wa kujisaidia na kikarudi chenyewe papo hapo. Hiyo usiiitie daktari. Kisiporudi, ni dharura kama nyingine.

Rangi nayo inasema. Waridi au nyekundu mbichi maana yake nyama ingali hai. Zambarau maana yake damu imekwama na muda unayoyoma. Nyeusi au kahawia iliyokauka imeshakufa, na hapo kazi ni ya kisu cha daktari. Kinachoiua nyama ni mambo mawili. Msuli wa tundu unaibana kama mpira uliofungwa kidoleni: damu inaingia, kutoka inashindwa, nyama inavimba, na ikivimba inabanwa zaidi. Na hewa inaikausha.

Ya Bi Taratibu ilikuwa waridi na ina tundu katikati. "Vizuri," rafiki yangu akasema. "Usiisukume. Chemsha maji."

Tulichofanya kwa simu kilikuwa hivi. Maji nusu lita yaliyochemka na kupoa, na chumvi kijiko cha chai kisichojaa. Kwa hayo nikasafisha nyama kwa kuimiminia polepole, bila kuifuta. Halafu sukari nyeupe, vijiko vitatu vya chai kwa vijiko vitatu vya maji yale yale ya kuchemsha, nikakoroga hadi ikawa nzito. Nikalowesha kipande cha bandeji safi ya duka la dawa, nikakifunika juu ya ile nyama kwa dakika 20, huku nimemshika ndani ya kitambaa chepesi ili asijikwangue.

Hapa ndipo nilipocheka peke yangu chumbani. Somo nililokuwa nimeliandaa siku ile, lililokuwa kwenye karatasi kitandani, lilikuwa osmosisi. Kiazi kwenye maji ya chumvi kinanywea kwa sababu maji yanatoka kwenye seli kwenda kwenye mmumunyo mzito. Nyama iliyovimba ni hivyo hivyo: sukari inavuta maji yaliyojaa ndani yake, nyama inapungua, na iliyopungua inarudi ndani kwa urahisi. Waganga wa ng'ombe wanatumia sukari kwenye kizazi kilichotoka kwa sababu hiyo hiyo. Ile punje ya karanga ilipungua ikawa kama punje ya mchele nene, na nikaambiwa niache hapo, niilinde isikauke, nimtafute mtu mwenye leseni.

Mambo ambayo usiyafanye ni haya, na nayasema kwa sababu mwenzangu mmoja wa TP alikuwa pembeni ananipendekezea karibu yote: usimpake spiriti, wala Dettol, wala GV. Usiikate ukidhani ni uchafu. Usimfunge uzi. Usilazimishe kuirudisha kwa kidole, kwa sababu ukiitoboa umemuua, na ukiirudisha ikiwa imejikunja ndani kwa ndani umemuua polepole. Usimrudishe kwenye matawi. Mweke kwenye boksi dogo lenye kitambaa laini kilicholowa, lenye giza, mbali na jua kali.

Nikaomba ruhusa shuleni. Mwalimu wa zamu aliniangalia sana kabla ya kusema "nenda". Afisa mifugo niliyemkuta mjini alikuwa mzee wa makamo, anaandaa chanjo za kuku. Nikafungua boksi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina ng'ombe na mbuzi. Hiki nikikigusa mbele ya wateja wangu wataniona mganga."

Lakini alikuwa ameshainama anaangalia. Mtu aliyerudisha vizazi vya ng'ombe miaka mingi hawezi kupita pembeni ya kitu kama kile. Rafiki yangu akawekwa kwenye spika ya simu. Mzee akavaa glovu, akatumia jeli ya maji na kijiti cha pamba cha masikio, akairudisha ile nyama kwa kuizungusha kidogo kidogo kutoka pembeni kuelekea katikati, kama unavyorudisha mfuko wa suruali uliojitokeza nje. Dakika tano hazikufika. Akachukua sindano ya kushonea, maana kawaida huwekwa nyuzi mbili, moja kila upande, ili tundu lipungue kwa siku chache huku nafasi ya kinyesi ikibaki. Kabla hajachoma akampapasa tumbo. Akasimama.

"Mwalimu. Umempapasa huyu?"

"Hapana, daktari."

"Ni kama mfuko wa kunde. Huyu ana mayai. Nikimshona hapa nimemfungia mlango."

Sasa rudi kwenye lile swali la saa tisa mchana. Kinyonga huyu wa pwani hutaga mayai, mara nyingi ishirini, thelathini, hata zaidi kwa mkupuo mmoja, na hatagi mtini. Anashuka, anatafuta udongo wenye unyevu, anachimba handaki kwa mikono, anaweza kuchukua siku nzima, anataga, anafukia, anakanyaga pale juu mpaka pasionekane, kisha anarudi mtini bila kugeuka. Kwa mnyama huyo kushuka chini ni hatari kubwa: kuna mbwa, kuna kunguru, kuna bodaboda, kuna sisi. Hashuki kwa matembezi. Bi Taratibu alikuwa njiani kwenda kujifungua nilipomwokoa, nikampa gazeti. Zile krr, krr nilizorekodi zilikuwa za mama anayetafuta udongo siku baada ya siku huku mayai yanakomaa tumboni, maji yamemwishia, na kalsiamu yote imekwenda kwenye maganda. Misuli inayokosa kalsiamu inachoka. Mnyama anajikamua, mayai hayatoki, inatoka puru.

Hilo ndilo jambo nililotaka kuliandika kuliko mengine yote. Puru iliyotoka ni dalili. Ukiirudisha bila kujua nani aliyeisukuma, kesho itarudi. Kwa jike, uliza mayai kwanza. Kwa wengine uliza minyoo (vinyonga waliokamatwa porini huwa nayo mingi, na kinyesi kupelekwa maabara si gharama ya kutisha), uliza kinyesi kilichokauka kwa kukosa maji, uliza wadudu wakubwa kupita upana wa kichwa chake, uliza kalsiamu.

Daktari alimpa kalsiamu ya maji mdomoni, matone. Kipimo sikiandiki hapa. Kinatolewa kwa gramu za uzito wa mnyama, na kosa la tone moja kwa mwili mdogo hivi si dogo. Akanitoza shilingi elfu tano na akaniambia nisimtaje kwa wenzake.

Nyumbani nikachukua ndoo ya lita 20, nikajaza udongo wa bustani uliochanganywa na mchanga, kina cha kama sentimita 30, nikaunyunyizia maji mpaka ukawa unashikana ukiufinya lakini hautoi maji. Mchanga wa baharini nilishauriwa niuache kwa sababu ya chumvi. Nikamnyunyizia Bi Taratibu maji kwenye majani kwa chupa ya kupulizia, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakunywa. Alikunywa muda mrefu mpaka nikaona haya.

Nikamweka ndooni, nikakaa kumwangalia. Bi Mkubwa akapita ukumbini, akachungulia kutoka mbali.

"Sasa hapo unafanya nini?"

"Namsubiri atage."

"Ondoka," akasema. "Mzazi hajifungui watu wamemtumbulia macho." Akaenda ndani, akarudi na khanga kuukuu, akanirushia, maana kusogea alikuwa bado hasogei. "Mfunike."

Alichimba usiku kucha. Alfajiri nilisikia udongo unadondoka kwenye plastiki. Siku iliyofuata, jioni, nikamkuta juu ya udongo, amekonda, mbavu zinahesabika, pale chini pamekanyagwa pakawa tambarare kabisa. Nikafukua kwa kijiko. Mayai 19, meupe, laini kama ngozi, kila moja dogo kuliko punje ya maharage. Nikafurahi kupita kiasi. Kesho yake ile nyama ilichungulia tena, kidogo. Tukarudia sukari. Siku ya tatu baada ya kutaga, asubuhi, alikuwa amelala chali kwenye ndoo, mwepesi kama ganda la karanga.

Rafiki yangu akaniambia nimfungue ikiwa nina moyo. Nilikuwa na wembe na kibao cha maabara. Ndani kulikuwa na mayai 14 yaliyobaki, mawili yamegandana karibu na mlango wa kutokea, na yale mafuta ya tumboni ambayo reptilia huweka akiba hayakuwepo kabisa. Alikuwa ametumia kila alichokuwa nacho. Kama angefika pale alipokuwa anakwenda siku nilipomwokota, angekuwa na nguvu za siku tisa zaidi.

Kwa hiyo wale wenye boksi la viatu na ndoo hapo hosteli, wapapaseni leo. Tumbo likiwa na vinundu vinundu pande zote mbili, mnyama anakunywa sana na kula kidogo, anashuka chini na kukwangua, mpelekeni alikotoka leo hii, au kama ni mbali, mpeni udongo leo hii. Ukimkuta kinyonga anavuka barabara, mvushe kuelekea alikokuwa anaangalia, umwache. Ni msaada wa dakika moja.

Na kuna sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza kumkamata mnyama wa porini bila kibali, na kinyonga ni mnyama wa porini hata kama umemtoa kwenye ua wa jirani. Mimi sikuwa na kibali. Nchi yetu ilisafirisha vinyonga wengi kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, na biashara ya kusafirisha wanyamapori hai ilipigwa marufuku mwaka 2016. Kwa hiyo hata ukipata mteja mtandaoni, usijidanganye kwamba ni boom la pili.

Kwa wale walio na kinyonga mgonjwa mikononi sasa hivi, nitataja dharura mbili nyingine ambazo rafiki yangu alinisisitizia. Ulimi ukitoka na kushindwa kurudi, ulinde usikauke kwa maji safi na umkimbize kwa daktari. Ulimi ule ni mrefu kuliko kiwiliwili chake, na ukikauka hawezi kula tena. Na miguu ikianza kupinda, taya likiwa laini, mshiko wa matawi ukilegea, hayo ni matege kama ya mtoto aliyekosa jua. Jua la asubuhi moja kwa moja bila kioo, penye kivuli cha kujificha, na unga laini wa ganda la yai uliosagwa ukapakwa kwenye wadudu vinasaidia mapema. Mifupa ikishapinda, hainyooki.

Yale mayai 19 hatukuyatupa. Mayai ya reptilia hayageuzwi ovyo kama ya kuku, kwa hiyo wakati wa kuyatoa nilikuwa nimeyawekea alama ya penseli upande wa juu, na upande huo ukabaki juu. Nikayafukia chini ya mpera, uani kwa Bi Mkubwa, kina cha shibiri. Yanachukua muda mrefu, miezi sita na kuendelea. Bi Mkubwa ndiye aliyelifunika lile tenga juu yake na kuweka jiwe, kuku wasifukue.

Wiki iliyopita nilimpigia kumsalimia, nikauliza.

"Bado," akasema. "Hajatoka mtu. Lakini kuku wangu wanashinda bandani kwa ajili ya wageni wako. Hela ya pumba unatuma lini?"